Kushoto

Saa kumi na mbili asubuhi, Kuusamo,
na jua halina habari nasi.
Mwezi huu linachungulia saa nne na ushei,
linaona baridi, linarudi kulala.

Nimekwangua barafu kwenye vioo,
nimefuta theluji juu ya taa kwa kiganja cha glavu,
maana kesho kutwa ni ukaguzi
na yule kijana wa kituoni, mwenye kalamu sikioni,
hana undugu na mtu.

Taa za mbele: hizo hapo, mbili,
zinapiga ukuta wa banda la kuni
na kuanika kila msumari.
Ndogo, kubwa. Ndogo, kubwa.
Indiketa: tiki, tiki,
theluji inakuwa ya chungwa, inazimika, ya chungwa.
Hadi hapo najitosheleza.

Lakini breki.
Breki hukanyagwa mbele, ikaonekana nyuma,
nami nimepewa macho upande mmoja.
Nyani haoni kundule,
wala mwenye gari haoni breki zake.

Zamani alikuwapo Onni wa kusimama kule,
amejikunyata ndani ya jaketi, akipiga kelele:
Ndiyo! Ndiyo! Mama, ndiyo, tosha!
Sasa yuko Tampere, anauza miwani.
Humpigii mtu simu kilomita mia sita
ukamwomba atazame kisogo cha gari lako.

Nikachukua ufagio.
Mpini kwenye pedali, brashi kwenye kiti,
nikasukuma kiti mbele mpaka kikabana,
nikatoka mbio, nikateleza, nikashika buti,
na ufagio ukachomoka. Giza.
Mara ya pili, giza.
Mara ya tatu nilitukana kwa maneno
ambayo marehemu mama angenisugua nayo ulimi kwa sabuni.

Ng'ambo ya uzio, Jalmari na koleo lake.
Jalmari ambaye hatujasemezana miaka sita
kwa ajili ya msonobari:
yeye wake, mimi wangu,
hadi dhoruba ikaamua, ikaulaza juu ya paa la sauna yake.
Tangu hapo tunapishana dukani, penye maziwa,
kila mmoja akisoma tarehe kwenye pakiti.

Nikarudi kwenye usukani. Sikumtazama.
Nikakanyaga, kwa ukaidi tu.
Kwenye kioo cha pembeni koleo lilikuwa limesimama.
Nikaachia. Nikakanyaga.
Theluji nyuma yangu ikawa nyekundu
na Jalmari ndani ya wekundu ule,
nusu ya uso.

"Kushoto," akasema.

Neno moja, lilitoka na mvuke wake.
Nikashusha kioo. "Kushoto nini?"
"Imeungua. Ndogo inawaka, ya breki haiwaki."

Naijua balbu ile: kioo kimoja, nyuzi mbili.
Mmoja ukikatika, mwenzake unaendelea kumulika,
na anayekufuata barabarani usiku
ataapa kwamba yote ni salama.
Ni mpaka ukanyage.

Akaondoka. Nikadhani ndiyo basi.
Akarudi na kopo la kahawa lenye skrubu, fyuzi,
na balbu ya gari aliloliuza zamani;
akaipitisha juu ya uzio kwa vidole viwili,
kama anayempa mfupa mbwa asiyemjua.
Hakuvuka. Nami sikusema karibu.
"Isukume, kisha izungushe," akasema.
"Usiilazimishe, Orvokki."

Miaka sita, na jina langu bado analo.

Nikavua glavu. Chuma kikaniuma.
Nikasukuma, nikazungusha, nikarudi ndani,
nikakanyaga, nikangoja.
Kimya, muda wa kuchota koleo moja na kulimwaga.
Kisha, kutoka gizani, sauti ya mtu
anayelipa deni kwa sarafu ndogo ndogo:

"Ndiyo."

Nikaachia. Nikakanyaga tena, ingawa nilishajua.

"Ndiyo," akasema. "Ndiyo."